Wapi Shemeji

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale ofisini, ila ndiye aliyeandika karibu programu nzima ya bili za maji, na aliiandika kwa mtindo wake. Programu ni vipande vingi, kila kimoja na kazi yake. Sisi huviita funksheni. Watu wengine huvipa majina makavu. Yeye alivipa majina ya ukoo. Funksheni iliyokagua namba za mita aliiita mama_mkwe, kwa sababu haikuridhika kirahisi. Iliyofagia mabaki mwishoni ilikuwa kitinda_mimba. Kila mgeni ofisini alicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikazoea.

Halafu akapatwa na kiharusi. Aliporudi kazini mkono wa kulia ulikuwa umelegea na majina ya vitu yalikuwa yamemkimbia. Kikombe alikiita "ile". Mimi aliniita "wewe wewe", huku akiona haya.

Wakati huo bili zilikuwa zinakwenda kwa wateja mara mbili. Mimi na wenzangu tulikuwa tumeipekua programu tukatoka kapa. Mkuu wetu akaniambia mlangoni, "Mjomba akiipata hitilafu wiki hii, anabaki. Asipoipata, tumpumzishe." Tumpumzishe! Nilikasirika hadi masikio yakawa moto.

Hasira zangu nikazimalizia kwenye kazi. Nikaunda amri ya kuandikwa kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, lisilo na picha wala vitufe. Amri hiyo ilipitia mafaili yote na kuweka kumbukumbu ya kila funksheni imeandikwa faili gani, mstari gani. Unaandika neno "wapi", unataja jina, inakufungulia mahali penyewe. Nikajiona fundi. Kumbe nimemtengenezea mlango mtu asiye na ufunguo: amri ilitaka jina, na majina ndiyo hasa aliyoyapoteza. Nikamfungulia yote aone, lakini yalikuwa mengi mno na kusoma kulimchosha upesi. Akafunika macho.

Siku ya mwisho ya wiki mkewe, fundi cherehani, alikuja kumchukua.

"Bado hamjaipata?"

"Bado, mama. Bili inapelekwa, halafu inapelekwa tena."

"Kama kaka yangu huyo," alisema, akimfunga mumewe kifungo cha shati. "Anabisha hodi. Ukichelewa kidogo tu kufungua, kashazunguka anabisha mlango wa nyuma. Mgeni mmoja, mnafungua milango miwili!"

Mjomba akaanza kucheka, mabega yakitikisika. "She..." alisema. "Shem... Shemeji!"

Nikaandika wapi shemeji. Ikafunguka. Ndiyo iliyokuwa ikipeleka bili. Kidole chake cha kushoto kikatua kwenye mstari mmoja: jibu likichelewa, peleka tena. Hakuna mahali ilipouliza kama bili ya kwanza imekwisha kufika. Tukaliongeza swali hilo, tukajaribu, bili ikaenda mara moja.

Mkuu aliitwa, akatazama, akajikuna kisogo. "Jumatatu usichelewe, Mjomba," alisema. Nikamsamehe, ila si yote.

Mkewe alikuwa bado ameinamia skrini. "Yaani ukoo mzima umo humu. Na mimi je, niko wapi?"

Nikaandika wapi mke. Jibu likaja: hakuna. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mjomba akausogeza mkono wangu pembeni, akabonyeza herufi mojamoja kwa mkono wa kushoto: wapi nyumbani. Jina hilo halikuwa limemkimbia. Ikafunguka funksheni fupi, ambayo nyingine zote, zikishamaliza kazi, huirudishia matokeo yao.

"Wewe," alimwambia mkewe. "Hapa. Wote... wanarudi."

Mama wa watu akafuta macho kwa kiganja. "Kumbe ndiyo maana sipumziki," alisema, akampa bega la kuegemea, wakaondoka.