Mchi wa Tatu

Michi ikagongana. Ulikuwa mlio mkavu wa mti kwa mti, na ua mzima wa Bi Semeni pale mtaani Nguvumali ukageuka kutazama. Mwanasiti akaushika mchi wake kwa mikono miwili, akatazama ndani ya kinu kana kwamba kosa lilikuwa la mpunga.

"Bahati yetu leo ni mpunga wa kula tu," akasema wifi yake, Kijakazi, akifuta jasho. "Ungekuwa wa arusi je?"

Jibu kila mtu alilijua. Mtaani kwao mpunga wa arusi hutwangwa na wanawake watatu katika kinu kimoja, kwa zamu, na mchi wa tatu, ule unaofunga mpigo, ni haki ya shangazi wa bibi arusi. Michi ikigongana, ndiyo hivyo tena: nyumba ya bibi arusi itakuwa ya ugomvi. Usiniulize nani alisema. Wapo wanawake waliopewa talaka baada ya miaka kumi, na watu wakakikumbuka kinu. Na Asmahani, binti wa Kijakazi na wa kaka yake Mwanasiti, alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu.

Mwanasiti alikuwa fundi wa kinu, tena fundi hasa. Miaka ishirini hakuwahi kugusa mchi wa mwenzake, naye alilijua hilo, hata mwendo wake ulikuwa wa mtu anayelijua. Lakini mwaka ule wa hamsini na sita, homa ya siku tisa ilimpoozesha mkono wa kulia. Nguvu ilirudi taratibu; kilichokataa kurudi ni wakati. Akiuambia mkono panda, ulipanda, lakini baada ya kadiri ya kufumba jicho. Alilificha jambo hilo kama mtu afichavyo chawa.

"Wifi, sikuvunjii heshima," Kijakazi akamwambia mlangoni, kwa sauti ya chini. "Lakini yule ni mwanangu. Mpe mwingine mchi wa tatu."

"Nikifa atapewa mwingine," akajibu Mwanasiti, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alilia, tena kwa hasira.

Kesho yake akaenda hospitalini; siku zile palikuwa na daktari mgeni aliyekuja na sanduku la kupimia misuli. Aliyemsaidia na kumtafsiria alikuwa dresa Luka, Mbondei wa Muheza, mtu wa maneno mengi. Luka akamwamkia Mwanasiti shikamoo, akambandika mkononi visahani viwili vya bati vyenye nyaya, akampa mpini wa mizani.

"Bana, mama."

Sanduku likachakarika, krrr, kama mafuta yanayopokea kitunguu. Ndipo mshale wa mizani ukasogea.

"Nini hicho kilicholia?"

"Mkono wako. Huo ni umeme wa msuli."

"Lo! Mkono wangu una umeme, na nyumbani natumia kibatari!"

Luka akacheka mpaka daktari akamtazama. Kisha akajibandika mwenyewe, akabana. Mlio na mshale vilikaribia kwenda pamoja, lakini Mwanasiti, kwa masikio yaliyozoea kinu, akainua kidole.

"Na wewe pia. Sauti imetangulia."

Maneno hayo yalipotafsiriwa, daktari akaacha kuandika. Ni kweli, akasema. Kwa kila binadamu msuli huitika kwanza na nguvu hufuata nyuma. Nyama ni kama kamba iliyolegea, sharti ikazwe kwanza ndipo ivute.

Wakampima tena na tena. "Wako umezidi kidogo kuchelewa, mama," Luka akasema. "Lakini unachelewa kwa kadiri ile ile kila mara."

"Kila mara?"

"Tumepima mara thelathini. Haibadiliki."

Mwanasiti akautazama mkono wake. Miezi minne alidhani mkono umemwasi, kumbe unaitika pale pale anapouita! Na kitu kinachochelewa kwa kadiri moja, fundi gani atashindwa kukipangia wakati? Alitoka pale kifua mbele.

Siku zilizobaki alijifungia uani na kinu kitupu. Akipiga kwa ulimi mipigo ya michi miwili isiyokuwapo, aliuagiza mkono wake mapema, zamu yake ikiwa haijafika. Alikosea mara nyingi, akajitukana, akarudia.

Asubuhi ya kutwanga, ua wa kaka yake ulifurika watu. Kijakazi alimwona akiingia na mchi begani. Mbele za watu angesema nini? Akauchukua mchi wake.

Semeni akapiga. Kijakazi akapiga. Mchi wa Kijakazi ukiwa ungali unashuka, Mwanasiti alikwisha kuutuma mkono wake, roho juu, na mkono ukaenda. Du! Semeni, Kijakazi, du! Wanawake wakashika wimbo, kisha makofi, kisha vigelegele, na Semeni, mchokozi yule, akaongeza kasi kusudi. Haya basi! Sasa Mwanasiti aliuagiza mkono wake mchi wa Semeni ukiwa bado haujagusa chini. Wishwa ikaruka, mchele ukajitokeza mweupe, na hakuna mti uliogusa mti. Alijivuna, wala hakuona haya kujivuna. Kabla ya homa alikuwa anatwanga tu. Leo alijua anachokifanya.

"Basi, wifi, basi!" Kijakazi akapaza sauti, akilia na kucheka kwa pamoja. Akaushika mchi wa Mwanasiti ili ampokee.

Mchi haukutoka. Vidole vya Mwanasiti vilikuwa bado vimeufumbata, ingawa alikwisha kuviambia viachie. Kijakazi akavuta tena. Makofi yakafifia, watu wakatazama. Wiki tatu nyuma Mwanasiti angejikohoza, angesingizia jasho.

"Mkono wangu huchelewa, wifi," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na ua mzima. "Ningoje."

Kijakazi akaacha kuvuta. Wakasimama hivyo, wamekabiliana juu ya kinu, mpaka kidole cha kwanza kikafunguka.