Mshale wa Kyule

Mwalimu Kiilu alipopigwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulikufa na mguu ukabaki wa kuburuta. Binti yake Kanyiva alikuwa na kibanda cha kushona nguo katika soko la Kasikeu. Alikifunga, akaipandisha cherehani yake kwenye lori la mbuzi lililokuwa likirudi tupu, akaja nyumbani Mutomo. Mdogo wake Kyule, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta katika mji wa Wote, alisema kwa simu kwamba angekuja mwisho wa mwezi. Miezi ilikwisha mmoja baada ya mwingine, na Kyule hakuja.

Alichotuma ni kompyuta. Mzee alikuwa ameifundisha kwaya ya kanisa tangu ujana wake, na nyimbo alizotunga kwa Kikamba zilikuwa kichwani mwake tu. Alitaka ziandikwe kabla hajaondoka, na mkono haukumtii tena. Kyule akasema ataiendesha kompyuta ya Mutomo akiwa amekaa Wote: mzee aimbe kwenye simu, yeye aandike, maneno yatokee mbele ya macho ya baba yake.

Haikuwa kazi rahisi. Kompyuta ya Kyule ilikuwa ya Linux, ya mzee ilikuwa ya Windows, na programu ya kwanza waliyojaribu haikuweza kuzifanya mbili hizo zisikilizane kabisa. Kanyiva ndiye aliyekaa mbele ya skrini na simu sikioni. "Bonyeza hapo. Nisomee hiyo namba. Hapana, si hiyo, ile ya chini." Uji ulimwagikia jiko huku akisoma namba. Ilipopatikana programu inayokubali kotekote, herufi za Kikamba zenye kialama juu zikawa zinatoka Wote zikiwa nzima na kufika Mutomo zikiwa viboksi vitupu. Hilo nalo wakahangaika nalo mpaka likaisha.

Siku mshale ulipotembea wenyewe kwenye skrini, mzee alipaza sauti nyumba nzima ikasikia.

"Kyule amekuja! Kanyiva, njoo uone, ndugu yako yuko hapa!"

Kuanzia hapo jioni zikawa za Kyule. Majirani walikuja kutazama maneno yakijiandika. Mulwa, aliyerithi uongozi wa kwaya, alitikisa kichwa kwa mshangao. "Mwalimu, wewe ulizaa," alisema. "Kuna watu watoto wao wakifika mbali wanasahau nyumbani. Huyu wako anakaa na wewe kila siku."

Kanyiva alikuwa anapita na beseni la maji aliyomwogeshea baba yake. Mulwa alivuta miguu ili ampishe.

Baadaye Kyule alianza kuchoka. Leo alikuwa na mkutano, kesho stima zilipotea. Alimwambia Kanyiva aweke programu ile ile kwenye simu yake, ili mzee akikwama aweze kumfungulia kompyuta hata akiwa jikoni. "Simu yako ni Android lakini inaongea na Windows bila shida," alisema. "Utagusa tu kioo na kidole." Kanyiva aliiweka. Aliitumia mara chache kumfunulia mzee ukurasa, na kila mara mzee alimshukuru Kyule.

Halafu kifua kikaziba. Daktari alimsikiliza mzee mgongoni, akamwita Kanyiva kando, akamwambia amrudishe nyumbani na wale wa mbali waitwe. Kanyiva alipiga simu Wote akiwa bado kwenye uwanja wa hospitali.

"Kyule, kuja. Si kwa kompyuta. Kuja na miguu yako."

"Nimeelewa. Kuna kazi ya watu hapa siwezi kuacha hivi hivi. Leo jioni nitaingia, niongee na yeye, halafu nipange safari."

"Nimesema kuja."

"Nitaingia, Kanyiva."

Jioni ilifika. Mzee aliomba aegemezwe kwenye mito, kompyuta iwekwe karibu. Kanyiva akapiga simu ya Kyule, ikawa imezimwa. Akapiga tena.

"Ameingia?" mzee aliuliza.

"Bado, baba."

Alikohoa mpaka macho yakatoka machozi. Alipopata pumzi aliuliza tena, na tena. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika ukingo wa meza kama mtu anayengoja kuinuka amlaki mgeni. Kanyiva alimtazama, akashindwa kumwambia tena bado.

"Anaingia sasa," alisema. "Simu yake haitoi sauti, lakini wewe anakusikia. Ongea tu."

Alikwenda nyuma ya pazia la jikoni, akachuchumaa kando ya debe la maji, akafungua programu. Kidole chake kilipoteleza juu ya kioo, mshale ulitembea kule sebuleni, na mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Umekuja, kijana wangu."

Aliimba ubeti wa wimbo ambao haukuwa umekwisha, kwa sauti ya kunong'ona. Kanyiva aliandika upesi alivyoweza. Neno la shukrani, *mũvea*, lilitoka bila kialama, na mzee akaliona.

"Leo umeivua herufi kofia yake, Kyule. Una haraka?"

Kanyiva alilinakili neno kutoka ubeti wa juu, akaliweka mahali pake. Mzee aliridhika. Kisha akasema, "Hii nyingine usiandike. Wewe ndiye umenibeba. Dada yako yuko hapa kwa sababu hana mahali pengine pa kwenda. Usimlaumu, ndivyo alivyo. Lakini mimi najua ni nani aliyenitunza."

Mzee alikuwa anautazama mshale, akingoja jibu. Kanyiva akaandika: *Asante, baba. Pumzika sasa.*

"Nitapumzika," mzee alisema.

Asubuhi Mulwa alikuja kumjulia hali, akaketi naye kidogo. Kabla jua halijakuwa kali mwalimu Kiilu alikuwa amekata roho.

Kyule alifika akiwa na suti nyeusi. Kwenye mazishi Mulwa alishika maiki, akawaeleza waombolezaji kwamba marehemu alimwambia kwa kinywa chake: jioni ya mwisho Kyule alikaa naye mpaka wimbo ukaisha. "Vijana, igeni huyu," alisema. Watu wakaitikia amina. Kyule aligeuka akamtafuta dada yake kwa macho, kisha akaitwa mbele. Kanyiva alisubiri aseme. Kyule alifuta macho.

"Nilifanya tu kile mtoto anafaa kufanyia mzazi," alisema, akarudi kuketi.

Wageni walipokuwa wanakula, Kyule alimfuata dada yake nyuma ya jiko. "Ile jioni ni nani alikuwa ameingia?"

"Ni wewe."

"Mimi sikuingia. Simu iliisha chaji, nikalala."

"Si ungesema hivyo ulipopewa maiki?"

"Mbele ya watu wote hao?" Alikung'uta vumbi kwenye suti ambayo haikuwa na vumbi. "Na wewe, mbona hukumwambia ni wewe?"

"Hakuwa ananiita mimi."

Kyule aliuliza baba yao alisema nini.

"Alikushukuru," Kanyiva alisema, akainama akaendelea kusugua sufuria.

Kyule aliondoka kesho yake, akasema atarudi kupanga mambo ya nyumbani. Wiki iliyofuata Mulwa alibisha mlangoni akiwa na haraka. Kompyuta ya kanisa ilikuwa imegoma kufunguka, na kwaya ilitaka zile nyimbo za mwalimu zilizonakiliwa humo.

"Nisaidie na namba ya Kyule," alisema. "Yeye ataitengeneza hata akiwa huko huko."

Kanyiva alimtajia namba pole pole, na Mulwa akaiandika.