Ishirini juu ya Ishirini

Askari wa Katanga walipoivunja nyumba yangu ya mtaa wa Kamalondo, mwezi wa nane mwaka wa 1961, walibeba kila kitu. Walibeba kitanda, cherehani ya mke wangu, masufuria, viatu vyangu vya Misa, hata bawaba za milango. Kitu kimoja tu walikiacha ukutani: leseni yangu ya redio, ndani ya fremu yake ya kioo, yenye muhuri wa dola ya Katanga chini upande wa kulia. Jirani yetu, Mama Marie-Thérèse, aliniletea kule kwenye kambi ya wakimbizi, akidhani ananitendea wema. Nilimshukuru. Nilitamani kuichana mbele yake, lakini mimi si mtu wa kuchana karatasi, na ubaya wangu wote umeanzia hapo.

Jina langu ni Edouard. Nilikuwa karani wa posta, Muluba wa Kasai niliyezaliwa Élisabethville, kama mji huu ulivyoitwa kabla ya kuwa Lubumbashi. Ujana wangu niliutumia kukusanya karatasi: cheti cha ubatizo, cheti cha shule, cheti cha mwenendo mwema. Nilipoomba ile kadi ambayo Wabelgiji walimpa Mwafrika waliyemwona amestaarabika, walikuja wawili kukagua nyumba. Walihesabu uma mezani. Walifungua mlango wa choo wakachungulia. Mke wangu Kapinga alisimama jikoni ameziba mdomo kwa kitenge, na walipoondoka alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Claudine," akaniambia, "ni bantu ya namna gani, banakuya kuangalia choo ya bantu?"

Mimi sikucheka. Kadi ilipofika niliilalia wiki nzima chini ya mto.

Katanga ilipojitenga na Kongo, mwezi wa saba 1960, sisi wa Kasai tukageuka wageni katika mji tuliozaliwa. Kapinga alitaka tuondoke wote. Mimi nikasema yeye atangulie na mtoto kwao, upande wa Luputa, huko Kasai, nami nibaki kulinda kazi. Claudine alikuwa na miaka minne. Niliwapandisha garimoshi mwanzoni mwa mwezi wa nane, na haukupita muda njia ya reli ikakatwa. Barua zikakoma, simu za maandishi zikakoma. Nilikuwa nikipanga barua za watu kila siku, na mimi mwenyewe sikujua kama mke wangu na mwanangu walifika au walizikwa njiani.

Ndiyo sababu, mwezi wa kumi, Frère Léonard, bruda wa parokia yetu, alipotangaza darasa la redio katika ukumbi wa parokia, nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Lilikuwa darasa la amateur, yaani watu wasiolipwa, wanaozungumza hewani kwa mapenzi yao tu, kutoka nyumbani, mradi wana leseni. Lilifanyika kila siku ya posho alasiri. Posho ndiyo Jumamosi yetu, tangu zamani zile wazungu walipogawia wafanyakazi unga siku hiyo. Mwezi wa tatu tungefanya mtihani mbele ya ofisi ya dola mpya: tupokee Morse, nukta na vistari, tujibu maswali ya umeme, tukariri sheria. Nilikuwa nimesikia kwamba misheni moja karibu na Luputa ina padri mwenye mtambo. Sikuwa na haja ya kuongea na dunia. Nilitaka kumwuliza padri huyo swali moja.

Tulikuwa kumi na wawili. Mezani kulikuwa na redio ya kupokea, na kando yake mtambo wa kurusha sauti, ila waya wake wa antena ulikuwa umefungwa kwa muhuri wa madini ya risasi. Dola mpya ilifuta leseni zote za zamani, hata ya Frère Léonard mwenyewe, aliyekuwa hewani tangu kabla ya vita. Mzungu mwenye mvi, anangoja karatasi pamoja na sisi! Kusikiliza tuliruhusiwa. Kujibu, marufuku mpaka leseni. Frère alinichagua kuwa kapita, yaani kiongozi wa darasa, kwa sababu ya mwandiko wangu, akanikabidhi ufunguo wa kabati na daftari la mahudhurio. Nilivimba kichwa, sikatai.

Aliyekaa karibu nami ni Donat, fundi umeme wa reli. Baba yake alikuwa wa reli na babu yake alikuwa wa reli, watu wa Katanga ya kaskazini, Wakatoliki wa Misa ya kwanza. Mwandiko wake ulikuwa mbovu kabisa na mdomo wake haukujua kupumzika, lakini masikio yake yalipokea Morse vizuri kuliko sisi sote. Mke wake Jeanne alikuwa akitutumia mihogo ya kukaanga, naye Donat aliila huku anaandika, akiacha mafuta kwenye karatasi. Nilimwona mtu asiye na adabu. Alikuwa rafiki pekee niliyebaki naye mjini.

Siku moja ya posho, mwezi wa kumi na moja, Frère alizungusha kisahani cha redio akasema tuandike kituo chochote tutakachokipata, kama zoezi. Tukakipata kimoja chenye nguvu, kinatuma polepole kwa Kifaransa. Kupokea Morse ni kazi ya kijinga kidogo: sikio linashika herufi moja, mkono unaiandika, na maana inakuja nyuma baadaye. Niliandika herufi hizo moja moja. KWA YEYOTE ALIYE ÉLISABETHVILLE. HAPA PADRI ÉMILE, MISHENI, LUPUTA. WALIOFIKA WANATAFUTA NDUGU. Yakafuata majina. La nne lilianza na K, ikaja A, ikaja P. KAPINGA NA MTOTO CLAUDINE, WAZIMA, WANAMTAFUTA EDOUARD, KARANI WA POSTA, KAMALONDO. CHAKULA HAKUNA. NITAKUWA HEWANI KILA JUMAMOSI SAA KUMI. JIBUNI.

Niliandika mpaka nukta ya mwisho, nikatia tarehe na saa, nikapeleka karatasi mbele kama wenzangu. Frère Léonard alizisahihisha kwa wino mwekundu. Akanirudishia yangu. Juu yake aliandika: 20/20.

Donat alisimama mpaka benchi likaanguka.

"Frère, bibi yake njo anamuita pale! Tukate ile risasi, tumujibu!"

"Donat, kaa," alisema Frère, na uso wake ulikuwa umepauka. "Règlement ni règlement, kanuni ni kanuni. Wakituona tumegusa huo muhuri, watafunga darasa, na Edouard atakuwa wa kwanza kukamatwa. Tena ujumbe huu haukutumwa kwetu rasmi. Padri Émile mwenyewe anavunja sheria. Amateur habebi habari za watu wengine. Edouard, miezi minne tu. Uvumilie."

"Na weye?" Donat akanigeukia. "Weye unasema nini?"

Nikasema Frère anasema kweli. Nakumbuka sauti yangu, ilikuwa ileile niliyotumia dirishani posta nilipowaambia watu wamekosea kujaza fomu.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka mingi. Woga ulikuwepo, nani angekosa woga mwaka ule? Lakini haukuwa woga peke yake. Niliamini kwamba sauti yangu bila leseni si sauti. Niliamini kwamba siku nitakapokuwa na karatasi yenye muhuri nitamwita Kapinga kama mtu kamili, mchana kweupe, kwa jina langu la hewani, naye ataniona. Watu wale waliochungulia choo chetu walikuwa bado ndani ya kichwa changu, wanahesabu uma.

Ikapita posho moja, ikapita ya pili, ya tatu. Padri Émile alikuja saa kumi kamili, akataja majina, la Kapinga kila mara. Niliandika, nikapata ishirini. Mara ya nne Frère aliitwa kwenda kumpelekea mafuta ya taa msimamizi wa kanisa, akatuacha peke yetu. Donat akatoa koleo mfukoni. Kabla sijafungua mdomo, risasi ilikuwa chini na waya upo mahali pake.

"Donat, acha! Unanielewa? Acha!"

"Ngoja kidogo, ndugu. Dakika mbili tu. Kisha nitafunga ingine, hakuna muntu atajua."

Akagonga. Alikuwa na mkono mzuri, mwepesi, Mungu amrehemu. EDOUARD YUKO HAPA, MZIMA. ATAZUNGUMZA NAWE JUMAMOSI IJAYO. Nikang'oa waya wa umeme ukutani. Redio nayo ilikuwa kwenye waya huo huo, ikazimika. Kama kulikuwa na jibu, hatukulisikia.

Tuliangaliana. Wenzetu kumi walitazama madaftari yao.

"Bibi yako anakuita," Donat akasema taratibu, "na weye unakata courant?"

Muhuri wa pili, aliofunga Donat, haukufanana na wa kwanza. Nani angeulizwa? Kapita mwenye ufunguo. Muluba. Frère aliporudi, alikuta ripoti mezani, ukurasa mmoja, haina kosa hata moja la tahajia, imetiwa saini yangu. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama kweli nataka aipokee, kwa sababu akiipokea atalazimika kuipeleka ofisi ya dola. Nikajibu ndiyo. Donat alikuwa amesimama mlangoni na koleo lake mkononi.

Alikaa ndani siku tisa. Alipotoka, reli haikumtaka tena. Jeanne alinikuta sokoni, akahamisha kikapu chake mkono wa pili ili kisiniguse.

Posho iliyofuata nilijua kwamba Donat alisikika. Padri Émile hakutaja majina mengine. EDOUARD, JIBU. TUKO HAPA WOTE WATATU. Alisubiri, akarudia. Nusu saa nzima alirudia, nami niliandika kila mara aliporudia, kwa sababu hilo ndilo zoezi lililokuwa limeamriwa. Waya wa antena ya mtambo ulikuwa umeondolewa kabisa, umefungiwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa katika mfuko wa suruali yangu. Hii ndiyo kweli. Ufunguo nilikuwa nao. Ilikuwa hivyo posho saba, ila ya saba alituma jina langu na JIBU tu. Posho ya nane ilikuwa kimya, na ya tisa. Nikajiambia betri zao zimekwisha.

Mwezi wa tatu nilifanya mtihani. Nikatoka wa kwanza. Frère Léonard alinipa mkono bila kunitazama machoni. Leseni ilifika katikati ya mwezi wa nne, na bwana mmoja wa ofisi alikuja mwenyewe kufungua kila kitu kwa utaratibu, akiwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba amefungua. Siku ya posho, saa kumi kamili, nilivaa koti na tai. Nilikaa mbele ya mtambo, nikaita misheni ya Luputa, nikatia jina langu la hewani mwishoni, kama inavyotakiwa.

Alijibu mara ya tatu. NANI?

EDOUARD, nikagonga. NINA LESENI.

Frère akasogea karibu kuangalia taa za mtambo. Kisha Padri Émile akaanza kutuma. Kila mwenye redio ana daftari ambamo anaandika aliyemsikia, siku gani, saa ngapi. Alinisomea lake. Nikaandika herufi moja moja.

TAREHE KUMI NA SABA, MWEZI WA KUMI NA MBILI. ÉLISABETHVILLE IMEJIBU: EDOUARD YUKO MZIMA. MKE AMECHEZA NGOMA UANI. TAREHE KUMI NA TISA. LORI LIMEPELEKA AKINA MAMA MJI WA BAKWANGA, KWENYE CHAKULA. NAFASI YAKE ILIKUWEPO. AMEKATAA KUPANDA, ANASEMA MUME WAKE ATAZUNGUMZA JUMAMOSI. TAREHE ISHIRINI NA NNE. KIMYA. TAREHE THELATHINI NA MOJA. KIMYA. AMEKAA KANDO YA REDIO NA MTOTO MAPAJANI. TAREHE SABA, MWEZI WA KWANZA. KIMYA. LORI HALIKURUDI. TAREHE KUMI NA NNE. KIMYA. TAREHE ISHIRINI NA MOJA. KIMYA. TAREHE ISHIRINI NA NANE. KIMYA. MTOTO HANA NGUVU. TAREHE MBILI, MWEZI WA PILI. MTOTO CLAUDINE AMEFARIKI. TAREHE NNE. MAMA AMEKAA TENA KANDO YA REDIO. KIMYA. TAREHE TANO. AMEONDOKA KWA MIGUU NA WATU WAENDAO BAKWANGA.

Nikauliza kama aliacha neno.

ALIACHA. MANENO YAKE NI HAYA: AKIJIBU, MWAMBIE MIMI SISIKII TENA.

Padri akauliza yule aliyejibu mara ya kwanza alikuwa nani, maana Kapinga alitaka ashukuriwe. Nikagonga jina la Donat. Nikaaga kwa ufupisho unaotakiwa, nikazima mtambo, nikaweka kila waya mahali pake.

Lilibaki daftari langu mwenyewe, jipya, ukurasa wa kwanza. Sheria inasema uandike palepale, kabla hujainuka. Frère aliniambia niache, atalijaza yeye. Nikamwambia hapana. Nikaandika tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kituo kilichojibu. Safu ya mwisho ni ya kueleza kituo kilisikika namna gani, na hapo nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: kimesikika vizuri kabisa, hakuna herufi iliyopotea.