Moja Kahawia, Mbili Nyekundu

Mota ya bega la mkono wa roboti ilitoa moshi saa saba na dakika kumi mchana, na Fundi akajua kwamba sasa maji yamezidi unga. Harufu ya plastiki iliyoungua ilijaa sebuleni, ikavuka meza yake ya kazi, ikafika kitandani kwa mkewe kando ya dirisha. Alichomoa betri kwa pupa, akagusa mota, akaungua kidole, akatukana. Kisha akaomba msamaha, maana mkewe hakupenda matusi ndani ya nyumba hata kabla kiharusi hakijamfunga ulimi.

Binti yao angefika saa kumi.

Binti huyo alikuwa muuguzi katika mji mwingine, na alikaa kwenye chumba kimoja cha wafanyakazi wa hospitali. Kitanda cha mgonjwa kingeenea mle, ila mzee wa kumsindikiza mgonjwa asingeenea. Mwezi uliopita alikuja, akamkuta mama yake amekonda na nguo zake zina madoa ya supu hadi kifuani. Alimvuta Fundi uani, akamwambia kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Baba, mikono yako inatetemeka. Nusu inaingia mdomoni, nusu shingoni, na juzi nusura apaliwe. Nakupa mwezi mmoja. Nikirudi mambo yakiwa ni haya haya, namchukua Mama."

Fundi hakubisha. Angebisha nini? Mkono wake wa kulia uliweza kulehemu waya mwembamba kama unywele, alimradi kiganja kimelala mezani. Ukiinua kijiko hewani, ulicheza ngoma. Lakini kulala peke yake katika nyumba ile, baada ya miaka arobaini na mmoja ya kusikia mtu akikoroma upande wa ukutani, hapo alikuwa radhi afe.

Ndipo alipolikumbuka lile boksi. Mteja mmoja alilileta zamani litengenezwe, akasema "narudi kesho," na kesho ya wateja mnaijua. Ndani mlikuwa na mkono wa roboti wa kuchezea watoto, wenye viungo vinne, na kila kiungo kinageuzwa na mota yake ndogo ambayo kitabu kiliiita servo. Nyaya tatu kwa kila servo: wa kahawia ni hasi, mwekundu ni chanya, wa rangi ya machungwa unapokea amri kutoka kwenye bodi inayouongoza mkono. Fundi aliwaza, ukibonyeza kitufe mkono uchote supu, uinuke, ufike mdomoni bila kutetemeka. Boksi lilijigamba kwamba hata mtoto wa miaka kumi anaweza. Yeye alikuwa na miaka sitini na tisa, na ilimchukua wiki tatu.

Si kwamba hakujua kazi. Siku ya kwanza servo zote zilitikisika kama zina homa, naye akacheka kwa uchungu kwamba hata roboti ameambukizwa ugonjwa wake. Kumbe ilikuwa njaa ya umeme, bodi moja inanyonyesha mota nne kwa mkupuo. Akazipa betri zake peke yake. Zikanuna kabisa, hakuna iliyosogea. Alikesha na hilo siku mbili kabla hajagundua kwamba hasi ya betri na hasi ya bodi hazijaunganishwa, na bila hivyo servo inasikia kelele tu, haisikii amri. Akaziunganisha. Soketi moja ilikuwa legevu, akaibana kwa koleo. Kiuno kikatii, kiwiko kikatii, kifundo kikatii.

Likabaki bega. Nyaya zake zilikuwa fupi, na bodi haikutakiwa kukaa karibu na supu, kwa hiyo ilibidi azikate na kuziongeza urefu. Alipoziongeza ndipo ikaungua. Aliifungua ile iliyoungua ajifunze kitu, gia zikamwagika sakafuni, na nyaya ndani zilikuwa zimezama kwenye tone moja jeusi la gundi, hazifuatiliki. Sasa imebaki servo moja ya akiba. Ikiungua hii, hakuna nyingine.

Aliikata nyaya zake tatu, akainua mmoja dirishani kwenye mwanga. Nyuma yake Bibie, ndivyo alivyomwita mkewe tangu uchumba, akagonga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebakiza nguvu za kutosha kushika kijiko, si kukifikisha mdomoni. Fundi akainua waya wa pili. Bibie akagonga tena, mara mbili.

"Bibie, tafadhali. Nina saa mbili na nusu tu."

Akarudia waya wa kwanza. Kijiko kikagonga.

"Basi!" alifoka, na hakuwa mtu wa kufoka. Akamnyang'anya kijiko. Tena kilikuwa ndicho chepesi kuliko vyote jikoni, akakifunga kwa skrubu kwenye ncha ya mkono wa roboti. Bibie akageuza uso ukutani.

Ndivyo alivyokuwa siku hizi, alijiambia. Anagonga bila sababu. Asubuhi anatema dawa mpaka abembelezwe. Akili nayo inaondoka, na hilo Fundi hakuthubutu kumwambia binti yake.

Alirudi kwenye nyaya. Mmoja ulikuwa na weupe kidogo, huo ni wa machungwa. Mbili zilizobaki zilifanana kama pacha. Na hapa lazima isemwe siri ambayo wateja wake wa miaka arobaini hawakuijua: Fundi redio, bingwa wa mtaa mzima, hakuwahi kutofautisha nyekundu na kahawia tangu azaliwe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yake ilikuwa Bibie. Rezista, vile vijiti vya kupunguza umeme ndani ya redio, husomwa kwa mistari ya rangi, kila rangi na namba yake: moja ni kahawia, mbili nyekundu, tatu machungwa. Wateja wakiwa wamejaa, Bibie aliketi pembeni na kikombe cha chai, akichungulia kazi. Fundi alinyooshea mstari kidole, naye akakoroga chai na kugonga kikombe. Mara moja, kahawia. Mara mbili, nyekundu. Wateja walisema mke wa Fundi anapenda sukari kupita kiasi.

Fundi alisimama na nyaya mkononi.

Mara moja. Mara mbili. Na aliporudia waya wa kwanza, mara moja.

Alikaa chini kando ya kitanda, akauficha uso kwenye shuka, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Miezi minne tangu kiharusi, mwanamke huyu alikuwa akimsomea, na yeye anamwambia anyamaze.

"Nisamehe, Bibie. Nimekuwa mjinga. Nisomee."

Bibie hakugeuka. Kununa alikujua tangu ujana, na kiharusi hakikumpunguzia hata kidogo. Fundi akaenda kukifungua kile kijiko, akamrudishia mkononi. Akapigwa nacho utosini, pigo dogo, la haki kabisa. Kisha akainua waya, na chuma cha kitanda kikamjibu.

Saa kumi kasorobo bega liliinuka. Liliinuka taratibu bila moshi, likashuka, likainuka tena. Fundi alifunga kijiko kingine kwenye ncha, akapasha supu moto.

Binti alipoingia na mkoba begani, dereva akimsubiri nje, alimkuta mama yake amefungua mdomo na mkono wa plastiki unamlisha. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hata tone halikuanguka. Mkoba ukamponyoka.

"Baba! Umetengeneza wewe?"

"Nani mwingine?"

Alicheka, akamkumbatia baba yake, akajifuta macho. "Mimi nimeshindwa. Kwa hili siwezi kumchukua. Ngoja nimwambie dereva aende." Alishika mlango, kisha akageuka kuzitazama zile nyaya zilizoongezwa. "Lakini hizi ulizipatia vipi? Macho yangu yenyewe yanachoka kuzitenganisha."

Furaha ni pombe. Mtu aliyeshinda hachungi ulimi, na Fundi alikuwa ameshinda mara mbili, kwa mkono wa roboti na kwa akili ya mkewe iliyorudi kutoka alikodhani imekwenda.

"Mimi nizipatie wapi? Mimi nyekundu na kahawia sijawahi kuziona! Ni mama yako. Yumo humu kichwani, mwanangu, mzima kabisa, ananisomea kwa kijiko kama zamani!" Akamweleza yote, akicheka, vikombe na sukari na wateja.

Binti naye alicheka. Halafu kicheko kikamkauka. Macho yake yalikwenda kwenye rafu ya skrubu, kwenye makopo mawili madogo yaliyofanana.

"Baba. Dawa."

Fundi naye akayageukia makopo.

"Nyekundu asubuhi, kahawia jioni. Niliandika kwenye paketi."

"Paketi nilizitupa. Mimi vitu vidogo naviweka kwenye makopo."

"Haya, na kopo lipi ni lipi unajua?"

"Nilijua." Alitazama mkono wake wa kulia. "Kisha nikayamwaga yote mawili. Wiki uliyoondoka. Nikaogopa kukuambia, ungemchukua. Nikazigawa tena."

"Ukazigawa kwa macho gani?"

Fundi akalinyooshea kidole kopo la asubuhi. Binti alilichukua, akapiga magoti kando ya mama yake, akainua kidonge. Kijiko kikagonga mara moja. Cha pili, mara moja. Cha tatu, mara mbili. Cha nne, mara moja. Fundi alihesabu pamoja nao, na kila pigo lilimkumbusha asubuhi moja: Bibie akigonga, Bibie akitema, na yeye akikiokota kidonge kwenye shuka na kumbembeleza, meza mke wangu, meza kwa ajili yangu.

Binti alifunga kopo. Alilia kimya kimya, kichwa kifuani kwa mama yake, kisha akajikaza.

"Mama, kumbe upo. Tumekuwa tukiamua juu yako kama kabati. Leo utaamua mwenyewe. Gonga mara moja, utabaki hapa na Baba. Mara mbili, tunaondoka mimi na wewe."

Bibie alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, na Fundi alitaka kusema kitu, kwamba ataandika makopo kwa herufi kubwa, kwamba ataita jirani kila asubuhi, lakini akabaki anakitazama kijiko.

Kijiko kiligonga mara moja. Fundi akatabasamu.

Kikagonga tena.

"Mama?" Binti alimshika mkono. "Hiyo ni mbili, au umeteleza? Rudia, Mama, nisije nikakosea."

"Asirudie," alisema Fundi. "Ni mbili. Miaka arobaini, hajanisomea vibaya hata siku moja."

Akachukua kijiko kutoka mkononi mwa Bibie, akakifuta kwa shati lake, akamrudishia. Kisha akaenda kabatini kumfungashia nguo.