Talaka Mbele ya Stendi ya Taa

Kwa miaka thelathini na sita Hilmi Sandabisi alikuwa akiuawa, akikamatwa na kuleta trei za kahawa katika tamthilia za televisheni, na watu wa Misri nzima walimjua kwa sura bila kumjua kwa jina. Muuza maharage wa mtaani kwao Shubra alimwita Bwana Inspekta. Mwenye duka la dawa alimwita Daktari. Kinyozi, aliyemwona Ramadhani moja akicheza kuwadi, hakumwita chochote kwa miezi mitatu, na nywele alimkata kwa hasira. Jina lake lilipita mwishoni mwa kila kipindi pamoja na majina mengine arobaini, mbio kama yanakimbia mvua, wakati watu wameshainuka kutafuta maji ya kunywa.

Aliyelisoma jina hilo kila mara ni mmoja tu, mkewe Insaf. Ndiye pia aliyemsomesha mistari yake jikoni, miaka thelathini na minne ya ndoa yao, huku akimenya vitunguu: Hilmi akisema maneno yake, Insaf akisema ya wengine wote, muuaji, jaji, mjane. Kusema kweli alikuwa mwigizaji mzuri kuliko mumewe, na wote wawili walilijua hilo, ila halikupata kutamkwa.

Mwaka huo Mungu akamfungulia. Katika tamthilia ya Ramadhani alipewa Mzee Dardiri, mfanyabiashara wa vitambaa, vipindi kumi na moja vizima, na katika kipindi cha kumi na tano Mzee Dardiri anampa mkewe talaka tatu mbele ya watoto. Hilmi alirudi nyumbani na karatasi zake akiwa na miaka sitini na mitatu na furaha ya mtu wa ishirini. Walisoma kipindi baada ya kipindi mpaka wakaufikia ukurasa ule. Insaf akaufunika kwa kiganja.

"Huu sikusomei."

"Mama Maysa, ni mchezo tu!"

"Maneno haya hayana mchezo. Yakisemwa kwa mzaha yanashika, yakisemwa kwa kweli yanashika. Kayasome kwa njiwa huko juu ya paa."

Hilmi akacheka, akapanda paani. Njiwa hawakumpa shida yoyote.

Siku ya kupiga picha za tukio hilo Ramadhani ilikuwa imeshaanza, na kazi ilikuwa nyuma kama kawaida. Vipindi vya mwanzo vinaonyeshwa, vya mwisho havijaandikwa. Rudayna, aliyecheza mke wa Mzee Dardiri, alikuwa na tamthilia nyingine mbili mwezi huohuo. Akapigwa picha upande wake kwanza, akalia machozi mazuri, akachukua mkoba.

"Samahani baba yangu, gari inaningoja. Utaniwia radhi, eh?"

"Nenda salama, binti yangu," alisema Hilmi. Angesema nini? Nyota hangoji mchezaji mdogo apigwe picha yake. Ndivyo kazi ilivyo, na yeye hakuwahi kungojewa na mtu.

Basi mahali pa Rudayna pakawekwa stendi ya taa, na mkanda mweupe ukabandikwa kwenye usawa wa macho yake. Hilmi akatakiwa auangalie mkanda ule na kuupa talaka. Akasema mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tano Taymur, mwongozaji, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye saa mbili tu kabla ya futari, akavua kofia yake.

"Ustadh wangu, unampa talaka au unampa risiti?"

Mafundi wakacheka. Mshika kipaza sauti alicheka mpaka fimbo ikatikisika. Kisha Taymur akasogea karibu, akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi: "Tusijichoshe, ustadh. Sauti yako nitaitia juu ya sura ya Rudayna. Inatosha."

Yaani watasikia sauti tu. Miaka thelathini na sita, na siku yake ya kuonekana, ataonekana mtu mwingine akilia.

"Nipe moja tu," alisema Hilmi. "Moja, wallahi."

Akautazama ule mkanda. Akamtafuta mtu wa kumweka pale, na hakutafuta mbali. Insaf alikuja mwenyewe.

Alikuja na ile simu. Maysa, mtoto wao pekee, alikuwa na miaka miwili wakati ule, na watengenezaji wa tamthilia kubwa wakapiga simu nyumbani kumtaka Hilmi kwa nafasi ya pili, miezi minne huko Tunis. Insaf akapokea, akajibu kwamba mume wangu hataki, akakata. Hakumwambia kitu. Aliyechukua nafasi ile leo ana jumba kando ya bahari na picha yake iko kwenye makopo ya samli. Hilmi aliyajua haya mazishini kwa rafiki yao Fahmi, miaka ishirini na miwili iliyopita, kwa kuambiwa na mtu aliyedhani anatania. Alirudi nyumbani siku ile akala, akalala. Hakusema neno, si siku ile wala siku nyingine yoyote, na akajihesabu kuwa muungwana.

Sasa akamwona Insaf amesimama penye stendi, na mkono wake bado uko kwenye simu.

"Nimekuacha," alisema, polepole, karibu kwa huruma. "Nimekuacha. Nimekuacha, na Mungu ni shahidi yangu."

Hakuna aliyecheka. Taymur alisahau kusema kata. Alipokumbuka alikuja akambusu Hilmi kichwani mbele ya watu wote, na Hilmi akatia mikono mifukoni mwa joho la Mzee Dardiri.

Kipindi kilionyeshwa baada ya futari, Kawthar dadake Insaf akiwa amekuja na sinia la katayefu, vitumbua vya Ramadhani vya njugu. Walipofika kwenye talaka Kawthar alishika kifua.

"Mungu akulaani, Hilmi! Nimekuchukia! Wallahi ningekuwa na kiatu karibu ningekurushia!"

Simu ikaanza. Ikapigwa kutoka Mansura alikoolewa Maysa, ikapigwa kutoka Aleksandria, wakapiga watu waliokuwa wamemsahau tangu jeshini. Kinyozi alipanda ngazi kuja kumpa mkono. Hilmi alijibu, akashukuru, akatafuna katayefu ya nne, na kila mara jicho lake likakimbilia jikoni ambako Insaf alikuwa akiosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Usiku Insaf alilala chumba cha Maysa. Alisema ni joto.

Asubuhi, kama saa nne, alimwita. Alikuwa mezani jikoni akichambua majani ya mlukhiya, mboga ya futari.

"Kaa, baba Maysa. Jana sikukuuliza kwa kuwa ulikuwa umeshafuturu. Leo umefunga. Nijibu na saumu yako."

Hilmi akakaa.

"Rudayna alikuwepo ulipoyasema yale?"

"Hakuwepo. Palikuwa na stendi ya taa."

"Ulimwona nani?"

"Ah, mama Maysa, kazi ni kazi..."

"Nimekusomesha miaka thelathini na minne. Sura yako ya inspekta naijua, ya daktari naijua, ya mlevi ndiyo usiseme. Ile ya jana si ya kazi. Niliiona mara moja tu maishani, siku uliyotoka mazishini kwa Fahmi. Sikujua umekasirikia nini. Niliogopa kuuliza."

"Simu," alisema. "Simu ya Tunis."

Vidole vya Insaf vikasimama. "Ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Mtoto alikuwa amezibwa koo, Hilmi! Hospitali ya homa, amelala kwenye barafu, ananishika kidole hiki! Ningekwambia ungebaki?"

Alitaka kusema ningebaki. Lilikuwa neno jepesi, na mbele ya kamera angelisema bila taabu.

"Ningekwenda," alisema.

"Basi." Insaf alifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Mimi nilikosa, nami nimebeba. Kila ulipouawa mapema kwenye televisheni nilijua ni kwa sababu yangu huishi mpaka kipindi cha mwisho. Lakini niambie sasa. Uliposema, nia ilikuwepo?"

Nje, muuza vitunguu alikuwa akinadi akisukuma toroli yake. Hilmi alingoja apite.

"Kwa pumzi moja," alisema. "Pumzi moja tu, Insaf."

Insaf akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa barua aliyokwisha kujua yaliyomo.

"Shekhe yeyote atasema ule ni mchezo!" Hilmi alikuwa ameshainuka. "Na hata kama si mchezo, tatu za kikao kimoja nchi hii inazihesabu moja, na moja ina rejea, mume humrudisha mkewe kwa neno. Mwisho wa maneno. Nimekurejea."

Alilisema vizuri. Sauti safi, mkono umenyooshwa. Na yeye mwenyewe akaisikia: ilikuwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji kuwaambia jamaa kwamba mgonjwa atapona.

Insaf alimtazama kwa makini. "Sema tena."

"Nimekurejea," alisema, chini zaidi.

"Tena."

Safari hii alitia mtetemo kidogo mwishoni mwa neno, na papo hapo uso ukamwaka kwa aibu, maana alijua mtetemo ule aliutoa wapi: ni wa baba wa mahabusu aliyemcheza miaka tisa iliyopita, kipindi cha saba. Insaf naye alijua. Ndiye aliyemfundisha jikoni hapo.

Ukweli ulikuwemo ndani yake, alikuwa na hakika. Alimpenda mwanamke huyu, na kama angepoteza nyumba hii hakujua angekwenda wapi. Lakini kila alipoufungulia mdomo ulitoka umevaa nguo za mtu mwingine.

Insaf alipangusa mikono kwenye aproni. Akaunyakua mtandio mweusi wa sokoni uliotundikwa nyuma ya mlango, akajitanda mbele yake, akazisukumia ndani nywele za paji la uso, kisha za sikioni, mpaka hapakubaki hata unywele mmoja wa kuonekana, kama alivyofanya kila mara mwanamume wa kando, fundi wa gesi, alipobisha hodi. Akaketi tena, akavuta majani karibu.

"Futari itakuwa tayari magharibi, ustadh Hilmi," alisema bila kuinua macho.