Maneno ya Mama Kwenye Kioo

Kompyuta ilipoletwa dukani, Asnath aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama kile cha redio yake ya nyumbani, na kila asubuhi alikiondoa kwa adabu kabla ya kuiwasha. Raymond, kijana aliyeajiriwa kumfundisha, alimtania kwamba mashine hiyo haina harusi ya kwenda. Asnath aliendelea kukikunja kitambaa chake. Mtu aliyepiga taipu ujana wake wote katika shirika la umma, mpaka shirika lenyewe likauzwa na wafanyakazi wakaambiwa wajitafutie, ana haki ya kukifunika kitu anachokiogopa.

Duka lilikuwa Singida mjini, upande wa ziwani, na kazi yao ilikuwa kuwapigia watu barua na risala za harusi. Raymond alimfundisha ujanja mdogo mdogo wa kumrahisishia kazi. Ukibonyeza Control na A, maandishi yote yanajichagua kwa mara moja, kisha unayakuza upendavyo. Ukibonyeza Control na S, kazi inahifadhiwa, na hilo alimsisitizia alifanye kila anapomaliza aya. Hilo la pili Asnath alilisikia kwa sikio moja tu, maana kwake neno likishapigwa limepigwa, na karatasi haijawahi kumsahaulia kitu.

Nyuma yake, dirishani, alikaa mama yake, Bibi Hana. Asnath alikuwa amemchukua kutoka kijijini Mgori alipoanza kusahau njia ya kisimani, na kwa kuwa hakuweza kuachwa peke yake, alikuja naye kazini. Bibi Hana hakuwa na shida. Alitazama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, waliosimama majini, akatabasamu, na mara moja moja alimwuliza Asnath kwa heshima, "Dada, wenye nyumba wanarudi lini?" Mengine yote Asnath aliyazoea. Hilo la kuitwa dada na mama yake mzazi lilimkata kila siku upya.

Mchana mmoja Raymond alikwenda kula. Upepo ulivuma kama kawaida ya Singida, vumbi likapita barabarani polepole, na jua likaingia dukani likiwa na rangi ya asali. Bibi Hana akaanza kusema. Hakuwa akiuliza. Alikuwa akisimulia, kwa Kinyaturu chake cha zamani kilichonyooka, kwa sauti ambayo Asnath hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa. Asnath alifungua ukurasa mpya bila kugeuka, akaacha vidole vimfuate mama, akiyageuza maneno kuwa Kiswahili yalivyokuwa yakija. Alijua siku kama hiyo huenda isirudi.

Mama alisimulia jinsi alivyokuwa binti mdogo, akamfuata msituni yule ndege anayewaonyesha watu nyuki. Ndege aliita, akarukia mti wa mbele, akangoja, akaita tena. Binti akafuata mpaka njia ikaisha, na miti yote ikawa mti mmoja. Jua likakaa katikati ya matawi, halishuki wala halipandi. Kisha akasikia mlio wa nyuki juu yake na kuona mizinga ya baba yake, Lazaro, imening'inia. Akakaa chini yake. "Sikuogopa," alisema Bibi Hana. "Nyuki walikuwa wakiongea, nami nikawa nawasikiliza." Mwishowe ukaja moshi wa kienge cha baba, kisha sauti ya baba mwenyewe ikimwita kwa jina.

Hapo akanyamaza, akawageukia heroe wake. Mlango wa kumbukumbu ulikuwa umefungwa tena.

Asnath alifuta machozi. Alitaka kuyakuza maandishi ili amsomee mama bila kutafuta miwani, basi akabonyeza Control na A, na kioo kizima kikawa cheusi chenye herufi nyeupe. Sasa, kule kwenye shirika, mkuu wa chumba cha taipu aliwafundisha wote jambo moja kwa ukali mpaka likaingia kwenye mifupa: kabla ya kuanza chochote, piga kibao cha nafasi mara tano, ndipo aya ianze mahali pake. Kidole gumba cha Asnath hakikuomba ruhusa. Kilipiga.

Nafasi hizo zikachukua mahali pa maandishi yote yaliyochaguliwa, na kioo kikabaki kitupu.

Aligeuka haraka akamwuliza mama, ndege alikwendaje baada ya mti wa kwanza, naye mama akamwuliza kwa upole, ndege gani, dada? Kule kwenye shirika mashine ikigoma mtu alichomoa waya akamwita fundi, na tayari mkono wake ulikuwa kwenye swichi ya ukutani Raymond alipotokea mlangoni.

"Mama Naftali, usizime!" alimwambia Asnath, akimwita kwa jina la mwanawe. "Usiguse kitu chochote."

Alipoelezwa, hakucheka, na kwa hilo Asnath alimsamehe utani wake wa harusi. Aliinama akabonyeza Control na Z, za kutengua kitendo cha mwisho. Kikafutika kijinafasi kimoja, wala hakuna kilichorudi. Akabonyeza tena, na tena. Ghafla ukurasa ukajaa kuanzia juu hadi chini, ndege, mizinga, moshi, kila neno mahali pake, kana kwamba yalikuwa yameingia chumba cha pili kunywa maji. Asnath akarudi kitini. Raymond alihifadhi kazi, akasogea pembeni.

Basi akamsomea mama. Bibi Hana alisikiliza kama anayesimuliwa habari za watu wa kijiji cha mbali, akitikisa kichwa kwa kuridhika, hadi Asnath alipofika mahali binti aliposema hakuogopa.

"Hapo amedanganya," alisema Bibi Hana. "Aliogopa huyo. Alilia sana."

"Umejuaje, mama?"

Bibi Hana alimtazama usoni kwa muda mrefu, akimtafuta.

"Mtoto akipotea, asione hata sura moja anayoijua, ataachaje kulia?"

Asnath akaelewa kwamba msitu huo ulikuwa humu humu dukani, na yeye alikuwa mmoja wa miti yake. Siku zote alijililia mwenyewe kwa kuitwa dada. Hakuwahi kuuliza anayeita anaona nini. Alifuta lile neno *sikuogopa* tu, akaandika *niliogopa, nikalia*, akabonyeza Control na S. Kisha akavuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana.

"Dada," akauliza Bibi Hana, "na wewe utakaa hapa?"

"Nitakaa," alisema Asnath, na safari hii jina hilo halikumkata.