Dawati Lililovuka Msitu

Maman Eugénie alikuwa uani kwake Kamembe, anapepeta sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye ungo na kutoa zilizovunjika zisije zikamharibia jina sokoni Bukavu, ng'ambo ya mpaka, wakati dawati lilipoingia. Lilipita kiubavu, maana lango lile ni jembamba, likasimama karibu na jerikani za maji likingoja kukaribishwa. Lilikuwa dawati la mtu mmoja, miguu ya chuma, uso wa mbao, na tope limepanda hadi katikati ya miguu. Majani ya chai yalikuwa yamenasa kwenye misumari yake.

Akalikaribisha. Mgeni njoo mwenyeji apone, na nyumba ile ilikuwa na haja ya kupona. Wenye mabasi walikuwa wameshaliona tangu juzi, likitembea pembeni ya lami katika msitu wa Nyungwe, taratibu, bila kumsumbua mtu. Dereva mmoja alilipigia honi kwenye kona, likasogea.

Charlotte, binti yake, alitoka ndani na mswaki mdomoni, akalitambua palepale. Ndilo dawati alilokalia siku ya mtihani wa somo la dawa, kule chuoni ng'ambo ya msitu, anakosomea uuguzi. Aliandika siku ile mpaka vidole vikafa ganzi. Matokeo yalipobandikwa, wenzake walipata maksi zao, nyingi au haba, na yeye mbele ya jina lake palikuwa na neno moja: Hakuwepo. Karatasi zake zilikuwa zimepotea, na mwalimu aliyezipoteza aliona ni rahisi zaidi kumpoteza na mwenyewe. Asiyekuwepo na lake halipo, walishasema wahenga, na chuo kikaongeza kwamba asiyekuwepo anarudia mwaka. Tena kituo cha afya kimoja upande wa Mibirizi kilikuwa kinamngojea aanze kazi, lakini si kwa kungoja mwaka mzima. Alikata rufaa. Walimjibu kwa kifupi aje na shahidi.

Shahidi angetoka wapi? Wenzake siku ile walikuwa wameinamia karatasi zao, hakuna aliyemtazama. Msimamizi alikuwa wa kibarua, na alikokwenda baada ya mtihani hakuna anayejua. Basi, likaja dawati.

Charlotte aliinama akalichunguza. Namba yake ya mtihani ilikuwa bado pale kwenye kona, kwa chaki, kwa mkono wa msimamizi, na pembeni yake ile alama ya vema waliyotiwa wote waliokaa. Alifurahi mpaka akacheka peke yake. Simu yake ilikuwa ya vitufe tu, haipigi picha, lakini picha ya nini na mwenyewe yupo? Akamwambia mama yake kwamba huyu ndiye shahidi, kesho wanakwenda naye mbele ya kamati ya rufaa. Kisha akapanda gari kwenda Mibirizi kuwasihi watu wa kituo cha afya wamngoje kidogo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibiwa na mapenzi. Kwao Maman Eugénie, mtu hapelekwi mbele ya wakubwa na mavumbi ya njiani. Ukimpeleka hivyo umemtukana yeye na umewatukana na hao wakubwa. Siku hiyo hakuvuka mpaka, sambaza zikangoja. Aliliogesha dawati kwa sabuni, akalisugua kila pembe, nalo likatulia kama mtoto anayeogeshwa. Kisha akamwita Karim, seremala wa jirani. Karim aliliambia dawati pole ya safari, akanyoosha mguu mmoja uliopinda kwa mwendo, akalipiga msasa, akalipaka vanishi, ikakauka, akalipaka tena. Alikataa kulipwa, akasema iwe sadaka kwa ajili ya masomo ya mtoto. Jioni ilipofika dawati liling'aa, ungeweza kujitazama humo ukachana nywele.

Charlotte alirudi, akasimama langoni. Alilizunguka dawati, akapitisha kidole kwenye ile kona.

"Maman, namba yangu iko wapi?"

"Namba gani? Ile buchafu ya chaki?" Maman Eugénie bado alikuwa na furaha yake. "Nimeipanguza. Mugeni hatumupeleke na buchafu mbele ya bakubwa, mwanangu."

Charlotte aliketi kwenye dawati, vanishi ikamnata mikononi, akalia. Hakugomba. Mama yake alielewa polepole, na alipomaliza kuelewa alirudi kwenye ungo, akaanza kupepeta sambaza ambazo zilikuwa zimeshapepetwa.

Walikwenda hata hivyo, kwani wangefanyaje? Mwenye basi aliwadai tiketi ya dawati pia, kwa kuwa lilikataa kulazwa nyuma na mizigo. Likakaa dirishani likiutazama msitu njia nzima.

Kamati iliwapokea kwa adabu. Mwenyekiti, Profesa Bizimana, alilizunguka dawati, akaligonga kwa kidole, akalisifu. Aliliuliza limetengenezwa lini, likanyamaza, maana madawati hayasemi. Ndipo akaeleza kwa upole kwamba katika ukumbi wa mitihani hakuna dawati hata moja lenye vanishi, kwa hiyo hili si la ukumbi ule. Katibu alikumbusha kwamba ukumbini kuna pengo, dawati moja limetoweka, lakini wakakubaliana kuwa hilo ni jambo la watu wa vifaa.

"Mimi nilikuwepo," alisema Charlotte. "Nilikaa hapa."

"Tumekusikia, binti," alisema mwenyekiti, na kweli alikuwa amemsikia.

Kabla ya kutoka Charlotte alipewa karatasi ya mahudhurio. Akaandika jina lake lote, akaikandamiza kalamu mpaka ikatoboa.

Wiki kadhaa zikapita, muhtasari wa kikao ukafika. Waliohudhuria: mwenyekiti, katibu, wajumbe na dawati moja. Mlalamikaji hakuwepo. Kwa sababu hiyo rufaa imefungwa. Kituo cha afya kilimchukua msichana mwingine, wa Nyakabuye, mtu mpole, hana kosa lolote.

Dawati lenyewe kamati ilibaki nalo, kwa kuwa lilikuwa zuri, likawekwa ofisini kwa mwenyekiti. Halikukaa sana. Lilirudi tena kwa mguu, likapita kiubavu langoni, likasimama mahali pake karibu na jerikani. Maman Eugénie akaliletea maji ya kunawa miguu. Safari hii hakuligusa zaidi ya hapo.

Sasa Charlotte anarudia mwaka. Akiwa nyumbani, asubuhi hukaa pale na madaftari yake. Mama hajaomba msamaha, hajui neno hilo aanzie upande gani. Lakini asubuhi hizo, kabla ya kujitwisha beseni lake kwenda mpakani, husimama mbele ya dawati, hukaza kitenge, na huita kwa sauti ya watu wa ofisi:

"Charlotte Bashige."

"Niko, Maman."

Hutoa kipande cha chaki kwenye pindo la kitenge, akatia alama ya vema kwenye ile kona, kisha huondoka. Chaki haishiki juu ya vanishi. Ikifika saa ya yeye kuvuka daraja, imeshapukutika yote.